Saini ya Ishirini

Barua pepe ya Mfuko wa Sidra, unaofadhili masomo, ilimfikia Rawya Jumatano saa tano asubuhi. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akapiga ukelele mpaka mlinzi wa chuo akachungulia mlangoni.

"Tumepita!" Rawya alimwambia. "Raundi ya kwanza tumepita!"

Ofisi ya ufadhili ya chuo hicho kidogo cha mtaa wa Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, ilikuwa na mtu mmoja tu, naye ni Rawya. Kazi yake ilikuwa kutafuta wafadhili wa masomo ambayo ada peke yake haikuweza kuyabeba, na wakipatikana, kuwaandikia ripoti. Maombi haya yalimchukua miezi minne. Yalikuwa kwa ajili ya darasa la Ijumaa, ambapo wanawake wa Kiganda wanaofanya kazi za nyumbani husomea cheti cha kuhudumia wazee na wagonjwa. Kwingine hakukuwa na masomo ya mtu anayepumzika siku moja tu kwa wiki.

Aya ya mwisho ya barua pepe ndiyo iliyomkalisha kitini. Mfuko ulitaka barua ishirini za waajiri, zenye saini, zikiahidi kuwaachia wanafunzi Ijumaa zao kwa miaka miwili. Mwisho wa kuzipokea ulikuwa Jumapili saa sita mchana.

Akampigia Nabaggala, kiongozi wa darasa, ambaye alikuwa akimuuguza mzee aliyepooza upande mmoja huko Darsait.

"Ishirini, madam?" Nabaggala aliuliza. "Kuna mabosi wanaogopa hata kusaini kupokea mtungi wa maji."

"Ndiyo maana nakupigia wewe."

Bomba la maji likasikika likifungwa.

"Tusiende kuwaomba," Nabaggala akasema. "Tuwaite. Waje Ijumaa waone tunachofanya."

Rawya alikaa na simu mpaka Alkhamisi jioni, akiwaita waajiri mmoja mmoja kwa namba alizopewa na Nabaggala, huyu kwa Kiarabu, yule kwa Kiswahili. Wengine walimjibu kwa ukali, mmoja akamkatia. Lakini Ijumaa saa tatu asubuhi walifika kumi na moja, na ilipogonga saa nne watu walikuwa wamejaa hadi ukumbini.

Bwana Bader, mwenye duka la vitambaa Hamriya, alikuja akimsukuma mama yake kwenye kiti cha magurudumu. Alitangaza tangu mlangoni kwamba ana dakika kumi tu.

Nabaggala alipiga magoti mbele ya yule bibi, akamwamkia, akamwomba ruhusa ya kumgusa. Akampitisha mkanda wa kitambaa kiunoni, akatia mguu wake mmoja katikati ya miguu ya bibi.

"Tunahesabu pamoja, bibi. Moja, mbili..."

Kwenye tatu bibi alikuwa amesimama, na kabla watu hawajamaliza kushangaa, ameshakaa kwenye kitanda cha mazoezi bila hata kuguna.

"Ebo!" bibi alisema. "Kumbe yawezekana! Bader, wewe waninyanyua kama gunia la mchele!"

Darasa zima likaangua kicheko. Bader naye alicheka, akatia saini yake palepale, akiegemeza karatasi kwenye kiti cha mama yake. Wenzake wakaanza kugombania kalamu. Dakika kumi zake zikawa saa nzima.

Watu walipoondoka kuwahi sala, Rawya alihesabu barua mara mbili. Kumi na tisa.

"Nani amebaki?"

"Mimi," Nabaggala akajibu, macho chini. "Nyumbani wanajua Ijumaa kutwa niko kanisani. Sijawahi kusema kuwa nasoma."

Wakaenda Darsait kwa gari la Rawya. Bi Khawla, mwajiri wake, aliwakaribisha kwa kahawa, akaisoma barua, akaiweka mezani taratibu.

"Mwaka mzima wanidanganya?"

"Kanisani nilikuwa naenda jioni, mama. Asubuhi nilikuwa darasani. Niliogopa ungekataa."

"Na ningekataa, wallahi. Ukishapata cheti, si utaniacha? Nna mgonjwa mimi."

Rawya alifungua mdomo kutafuta neno la kumtuliza, lakini Nabaggala alimtangulia.

"Siku moja nitaondoka, mama. Sitakudanganya tena. Ila njoo uone."

Alikwenda chumbani kwa Mzee Nasr, mume wa Bi Khawla. Baada ya muda mzee akatokea mlangoni akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye ukuta. Nabaggala alikuwa nyuma yake, mikono wazi, hajamshika. Mzee akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu, akafika kochini akihema na kucheka.

"Tangu lini?" Bi Khawla aliuliza, sauti imekatika.

"Huu ni mwezi wa pili sasa. Kila alfajiri, wewe umelala. Alitaka kukushtukiza Idi."

Bi Khawla alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaivuta kalamu.

"Natia saini, lakini nna sharti. Niandikeni na mimi darasani. Huyu akiondoka, mimi n'tajua nini?"

"Nafasi ipo, Bi Khawla," Rawya alisema, akijizuia asimkumbatie.

Jumapili tovuti ya mfuko ilizikataa barua mara mbili, eti faili ni kubwa mno. Rawya akazipiga skani upya zote ishirini, moja baada ya nyingine. Zikapokelewa dakika nane kabla ya saa sita.

Wiki tatu baadaye mfuko ukajibu. Ulikubali kila kitu walichoomba, kwa miaka miwili, na ripoti kila miezi mitatu. Nabaggala alipigiwa akiwa dukani ananunua maziwa, akapiga vigelegele mpaka muuza duka akauliza nani kaolewa.

Khabari zikaenea. Ijumaa iliyofuata wanawake sitini na wawili walikuwa wamepanga foleni kuanzia mlango wa chuo mpaka barabarani, wakitaka kuandikishwa, na nafasi mpya zilikuwa thelathini.

"Tutawaambia nini hawa?" mwalimu wa darasa aliuliza.

"Waandike wote," Rawya alisema. Akapanda ofisini mbio, akafungua kompyuta, akaanza kumtafuta mfadhili wa pili.