Kava Thelathini na Sita

Mtu akikwambia kava ya video si kitu, mwulize kwa nini yeye mwenyewe hubonyeza ile yenye sahani inayofuka mvuke na kuiruka ile yenye mtu aliyefumba jicho moja. Kava ni ile picha unayoiona kabla video haijaanza kucheza. Watu wa siku hizi hawana subira, hiyo picha isipowashika wameshapita. Basi kazi yangu mimi, Lornah, ni hiyo. Napiga video za watu wa Kisumu, nazikata, nazipandisha kwenye kurasa zao, kisha nazichagulia kava. Kuna mwenye duka la mbao pale Mamboleo anayetaka kitambi chake kionekane katika kila kava. Kuna mhubiri ambaye lazima awe ameinua mkono. Nimewazoea.

Lakini ukurasa niliokuwa naupenda kama wangu ni Jikoni kwa Mama Nuha.

Mama Nuha ni Habiba wa Kaloleni. Anapika pilau, viazi karai, na sato wa ziwa hili kwa tui la nazi, mapishi aliyoachiwa na bibi yake aliyetoka Pwani. Kava zake zote zilikuwa uso wake: wanja umekolea, hina mpaka kwenye kucha, mtandio wa rangi, mwiko mkononi, anatabasamu. Mimi ndiye niliyemshauri hivyo. Uso wa mwanamke aliyejipamba huita watu, na anayebisha na abishe.

Mumewe, Mzee Saleh, alikuwa fundi cherehani katika soko la Jubilee. Nilipomaliza chuo na kukosa pa kukaa na kompyuta yangu, yeye ndiye aliyenisogezea kona ya meza yake na kuniruhusu kutumia soketi. Miaka miwili nilikata video huku cherehani ikinguruma sikioni. Wateja wakiuliza huyu ni nani, alijibu, "Binti yangu wa Luanda Kotieno," kisha akaendelea kushona. Katika kila video ya mkewe, mwisho mwisho, Habiba akiwa bado anapanga chakula kwenye sahani, mzee aliingia kutoka upande wa kushoto, akachukua kipande bila ruhusa, akatafuna, akasema, "Imekubali." Neno hilo moja tu. Mara mbili nilijaribu kulikata. Watazamaji walinilalamikia hadi nikalirudisha.

Alifariki Jumatano alfajiri. Mimi nilikuwa kwetu Luanda Kotieno, nimempelekea shangazi yangu dawa. Nilipopigiwa simu nilitoka vile nilivyokuwa, na malapa miguuni. Kwetu sisi Wajaluo, ukipigiwa simu ya msiba una siku mkononi. Maiti iko mochari, watu wanaketi kila jioni kupanga mazishi, hata aliye ng'ambo atafika. Kwa Waislamu ni saa chache. Nilikuwa bado njiani, pale Kisian, nilipoambiwa wametoka makaburini, na nilipoingia Kaloleni wanaume walikuwa wanakunja mikeka. Nikaenda kwa akina mama, nikasema pole, pole sana, nikashika birika la chai nikaanza kugawa. Sikulia. Kulikuwa na vikombe vya kuosha.

Wiki tatu baadaye Habiba akanipigia.

"Nyara," akasema. Nyara ni binti yangu kwa Kijaluo. Habiba amezaliwa Kisumu, na kuna siku Kijaluo chake hunishinda mimi mwenye lugha. "Shemeji yangu Nasir alikuwa hapa. Anasema mjane ako eda, na uso wake uko huko nje na wanja, unachekea watu. Nimeangalia mwenyewe, nimeona aibu."

Nilijua kidogo habari za eda. Miezi minne na siku kumi mjane hajipambi, hajipaki manukato, hatoki nyumbani bila sababu.

"Lakini hizo ni video za zamani, Mama Nuha. Tarehe iko hapo."

"Ndani ni za zamani. Hiyo picha ya mbele mtu anaiona leo."

Alikuwa amesema ukweli kuhusu kazi yangu kuliko nilivyowahi kuusema mimi.

"Nifunge ukurasa?" nikauliza.

"Usifunge. Nitolee tu uso wangu hapo mbele. Ya kuweka utajua mwenyewe, wewe ndiye fundi."

Kichwa kikanivimba. Nilijifungia chumbani kwangu Migosi tangu asubuhi, na sikuhitaji kufikiri mara mbili. Mtu amekufa, nyumba ina msiba, ukurasa utabeba nini mbele kama si marehemu? Babangu alipofariki picha yake ilikuwa kwenye fulana zetu, kwenye gari la maiti, kwenye mti wa njia panda ili wageni wasipotee, na mpaka leo iko sebuleni kwa mama. Kwetu usipoweka picha ya mtu wako, watu watasema hakuwa na wenyewe. Nikafungua video moja baada ya nyingine, nikasogeza kidole hadi pale mzee anapoingia, nikasimamisha. Hapa anatafuna. Hapa anacheka na punje ya wali imemganda kwenye ndevu. Hapa anamkwepa mkewe anayetaka kumchapa mkono. Nilimng'arisha uso, nikampa fremu nyeupe, nikaandika macheo na machweo, yaani kuzaliwa na kufa, na tarehe chini yake. Pembeni nikaweka mshumaa. Juu nikaweka njiwa.

Video thelathini na sita, Mzee Saleh thelathini na sita. Saa kumi na moja jioni nilikuwa nimeshazipandisha zote ukurasani, mgongo unaniuma, na niliona sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Nikampigia Habiba kumwambia ziko tayari, hakushika. Nikadhani anaswali.

Watu husema wema hauozi. Wangu uliniozea mkononi kabla ya saa nne asubuhi iliyofuata.

Nilipofungua ukurasa nikakuta maoni mamia. Poleni sana familia. Mungu awape nguvu. Kisha mengine: mazishi ni lini? Mwili uko mochari gani? Mchango tunatuma namba gani? Watu walikuwa wameona mshumaa na njiwa, wakajua wanachokijua, kwamba kuna maiti inayosubiri. Mtu ameshalala kaburini wiki tatu, na mimi nimemfufua na kumweka barabarani. Nikampigia Habiba mara ya pili, ya tatu, ya saba. Simu iliita hadi ikakata. Kisha ujumbe ukaingia, mfupi. "Lornah, toa hizo." Si nyara. Lornah.

Nina marafiki wa kucheka nao Kisumu, wa kwenda nao kula samaki ufukweni Jumapili, lakini nyumba niliyokuwa nikiingia bila kubisha hodi ilikuwa hiyo moja. Kama Habiba angenifungia mlango, sikuwa na kwingine pa kuitwa binti. Kufuta kava zile kungeniachia ukurasa wenye madirisha meusi matupu, na kwa ujumbe nisingeweza kumwomba msamaha. Nikachukua boda hadi Kaloleni.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, kanga ya kawaida, uso mkavu, mikono haina hina. Kila siku huniuliza kwanza kama nimekula. Siku hiyo hakuniuliza.

"Simu imelia tangu alfajiri," akasema. "Mama mmoja wa Ahero ananiuliza tumekodi tenti ngapi. Nasir naye anauliza kama ndugu yake bado hajazikwa. Nimjibu nini?"

"Yawa, Mama Nuha, mimi nilitaka kumpa heshima."

"Na mshumaa? Saleh na mshumaa wapi na wapi?"

"Kwetu tunaweka." Sauti yangu ikapanda, maana nikikosea nina tabia mbaya ya kukasirika kwanza. "Kwetu mtu akifa hatumfichi kama amefanya makosa! Uliniambia nitajua mwenyewe. Si nilijua nilichojua?"

Akakunja pindo la kanga, akalikunjua. Nilitamani anipigie kelele.

"Lornah," akasema mwishowe, polepole. "Sisi tukisharudisha mtu kwa Mwenyezi Mungu, tunamwombea. Picha tunaweka kabatini. Si kwamba tunamficha. Mimi nikifumba macho namwona. Nikienda kuchukua chumvi namwona. Juzi ndiyo nilianza kulala mpaka asubuhi. Jana nikafungua simu nione kama umenitoa, nikamkuta yeye, thelathini na sita, wote wananiangalia. Nilizima simu nikaitupa kwa nguo."

Hasira zangu zote ziliisha palepale. Nikapiga magoti kwenye mkeka nikamwambia nisamehe, na yeye akasema leta hiyo kitu tuitengeneze.

Tukakaa bega kwa bega, simu yangu katikati yetu. Nilimwonyesha namna ya kufanya: chini kuna utepe wa picha ndogondogo, unasogeza kidole, video inapita hatua kwa hatua, ukiona inayokufaa unasimama. Video ya kwanza ilikuwa ya viazi karai. Nikasogeza mpaka pale sahani imejaa, viazi vinang'aa, ukwaju pembeni. Kava ya kufundishia kabisa.

"Endelea mbele," akasema.

"Mbele mzee anachukua."

"Nimesema endelea."

Nikasogeza. Mkono wa mzee ukaingia, ukachukua, ukatoka. Sahani ikabaki peke yake, na pengo upande wa kushoto.

"Hapo," akasema Habiba. "Weka hiyo."

"Mama Nuha, hii imeshaliwa. Hakuna mtu atabonyeza chakula kimeliwa. Aki nakwambia kama fundi."

"Wasibonyeze."

Nikaiweka. Ya pili ilikuwa sato wa nazi, na akataka ile ambayo samaki amenyofolewa karibu na shingo. Ya tatu pilau, ina shimo la kijiko. Nikaacha kubishana. Tuliendelea hivyo adhuhuri ikaadhiniwa, akaenda kuswali, akarudi, tukaendelea. Mara nyingine alikuwa ananirudisha nyuma kidogo, mbele kidogo, mpaka mkono wa mzee utoke kabisa. Aliuangalia ukipita. Mimi nilijifanya naangalia mwanga. Kwenye video ya mkate wa kumimina alicheka kwa pua. "Hii alichukua vipande viwili, mwizi huyu." Kufikia ya ishirini alikuwa amesimama kuniletea chai na mihogo, nikajua kwamba sitafukuzwa. Moyo ukarudi mahali pake.

Ya thelathini na sita tuliimaliza saa tisa. Ukurasa mzima sasa ulikuwa sahani zilizoonjwa, na hakuna mgeni ambaye angejua ni nani ameonja. Maoni ya mochari nikayafuta. Nikaandika mstari mmoja alionitamkia yeye, kwamba marehemu alishazikwa, tunashukuru kwa dua zenu.

"Na zile zako?" akauliza. "Zenye njiwa."

"Ziko kwa simu. Nazifuta sasa hivi."

Nikafungua, nikazichagua zote. Simu ikaniuliza kama nina hakika nataka kufuta picha thelathini na sita. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kikakataa kushuka. Nikakiangalia kama cha mtu mwingine. Mzee Saleh alikuwa pale, mdogomdogo, anatafuna, anacheka, anakwepa kofi.

"Nyara, ni nini?"

"Sikumzika," nikasema. "Mama Nuha, mimi sikumzika. Nilifika mikeka inakunjwa."

Na hapo ndipo nilipolia, kilio chenyewe cha kwetu, kile cha kutoka tumboni, mpaka majirani wakachungulia dirishani. Nililia kona ya meza na soketi. Nililia kaburi nisilolijua liko upande gani. Habiba hakuniambia ninyamaze. Alinishika kichwa akakilaza pajani kwake, na kwa mkono wa pili akachukua simu.

Akaanza kuzipitia picha moja moja. Nilihisi paja lake likitikisika, nikadhani naye analia, kumbe anacheka.

"Hebu ona huyu njiwa. Amekaa juu ya kofia kama anataka kutaga." Kisha akasimama kwenye moja, ile yenye punje ya wali kwenye ndevu. Akanigeuzia. "Hii ndiyo Saleh mwenyewe. Toa mshumaa, toa huyo kuku, kisha uchapishe. Weka kwako."

"Wapi?"

"Kwako Migosi. Si kwenu mnaweka ukutani? Weka ukutani. Zingine futa." Akanifuta uso kwa pindo la kanga. "Nikitoka eda nitavaa buibui nije huko kwako, nipande hizo ngazi zako mbaya, nikupe pole. Sijakupa bado."

Wiki tatu nilikuwa nimewapa watu wa nyumba ile pole mpaka ulimi ukachoka. Hakuna aliyekuwa amenipa mimi, na sikujua kwamba nilikuwa naingoja.