Mayai Yanayotaja Majina

Ijumaa saa nane mchana, kabla Sabato haijaingia, Drusilla alikuwa akiosha mayai ya kikundi cha akina mama wa kanisa kwa maji baridi ya kisima. Ndivyo walivyofanya kila Ijumaa, maana si vizuri kuingia Sabato na mayai yenye kinyesi ndani ya nyumba. Afisa wa mifugo alikuwa amewakataza. Alisema maji baridi huvuta uchafu uingie ndani kupitia ganda, tena kuku wao wana ugonjwa wa salmonela, kwa hiyo mayai yasiuzwe mpaka arudi.

Alipofika trei ya tatu, yai moja lilisema, "Kwamboka."

Drusilla alilifuta kwa kitambaa akaliweka kando. Kwamboka alikuwa mjukuu wa mwenyekiti wao, Mokeira. Lililofuata likasema Nyakundi, mzee wa kanisa. Sauti zilikuwa ndogo, za adabu, kama watoto wakisoma fungu la kukariri. Drusilla alipiga magoti hapo penye matope akasikiliza. Tangu amzike mumewe hakuwa amesikia watu wakitajwa kwa upole namna ile.

Aliwaita wenzake. Walisikiliza yai moja moja, wakakumbuka ugonjwa aliousema afisa, wakaelewa kwamba kila yai linamtaja atakayeugua akilila. Walimshukuru Mungu. Yaliyotaja watu wa kanisa waliyazika nyuma ya migomba, wakaimba ubeti mmoja. Yaliyobaki yalitaja watu wasiowajua.

"Hata hao wana mama zao," Drusilla alisema. Aliomba yazikwe yote.

"Dada, kwani ni sisi tumewataja?" Mokeira akauliza. "Peleka kwa Benter."

Benter, mtu wa upande wa ziwa, alikuwa na hoteli ya mabati kando ya barabara pale Keumbu. Drusilla alimweleza yote, hata maneno ya afisa. Akamsihi, kama ni lazima apike, basi ayachemshe mpaka kiini kigande. Benter alisema wateja wake hawali yai kavu. Wanataka kiini kiloweshe chapati. Akainamia trei, akasikiliza hadi akapata mawili yaliyosema Natasha, jina la binti yake.

"Haya rudi nayo, Mama. Mungu wenu amenikumbuka."

Drusilla hakuondoka. Alisimama mlangoni na mayai mawili mkononi, akimwonya kila aliyeingia asile. Walimsikiliza kwa heshima, wakaenda kuketi.

Benter alipasua yai juu ya kikaango.

"Masese," yai likasema.

"Niko hapa," akajibu dereva mmoja wa lori la maziwa.

Drusilla alimfuata mezani, akamweleza tena, polepole, maana ya kuitwa vile. Masese alimsogezea kiti.

"Omong'ina, mama yangu, nimetoka Nyansiongo alfajiri," alisema. "Wote njiani wameniita dereva tu."

Benter alipoleta yai, akavuta sahani karibu.