Ndoo ya Pili

Memsabu alitandaza nguo za mwanawe Robati kitandani: kofia, kaptura, ndoo ndogo ya kuchezea mchanga. Siku kumi Mombasa, kwa treni! Wariara, yaya wake, alikunja nguo akinung'unika moyoni. Na Mugure wake mwenyewe, wa miaka minne, aachiwe nani?

"Wewe lete toto yako pia," Memsabu akasema. "Leo yeye lala hapa."

Wariara akaduwaa. Mtoto huyo hajawahi kuruhusiwa kukanyaga hata baraza la nyumba hii, leo apelekwe baharini? Ndipo akaona ndoo ya pili, mpya, kando ya sanduku. Badala ya kufurahi, akaacha kukunja. Juma lililopita, wenye shamba la jirani huko Molo walipokwenda likizo, malori ya polisi yaliwazoa Wakikuyu wenzake wote waliobaki, na vibanda vyao vikatiwa moto.

"Na baba yake, Memsabu? Ngigi abaki?"

 Memsabu alichukua soksi alizokwisha kuzikunja Wariara akaanza kuzikunja upya, yeye ambaye tangu azaliwe hajakunja hata leso.