Sentensi ya Shangazi

Ofisini walimwita Kijani, na jina lenyewe alilipenda mno. Lilitokana na ukuta. Juu ya meza ya chai walitundika skrini kubwa yenye sentensi arobaini na moja, na kila asubuhi kompyuta ilizipitia moja baada ya nyingine, ikijifanya mgonjwa aliyefika kliniki, ili kuona kama mfumo wao unafanya kama ulivyoagizwa. Sentensi ikitimia, inawaka kijani. Isipotimia, nyekundu. Kazi za huyu bwana zilikuwa kijani tupu siku zote, basi wenzake wakambatiza.

Sentensi zenyewe hakuzitunga yeye. Zilikuwa za shangazi yake, dada mkubwa wa baba, aliyekaa dirisha la mapokezi la ile kliniki miaka ishirini na sita. Kampuni ilipopewa kazi ya kutengeneza mfumo wa foleni, mganga mkuu alisema, "Muulizeni mama wa mapokezi, hayo mambo anayajua yeye." Kijani akakaa naye siku tatu, shangazi anaongea, yeye anaandika. Wakakubaliana maneno yabaki kama yalivyotoka mdomoni mwake, kompyuta iyapime hayohayo kila siku, na yote yakiwa kijani, shangazi atie saini kwamba mfumo umekubalika. Si mchezo! Mama wa watu hajui hata kuiwasha kompyuta, lakini kompyuta inamsikiliza yeye.

Ya kumi na saba ilikuwa hii: "Mgonjwa akitumwa maabara, akirudi asianze foleni upya. Mpe nafasi yake ileile, ameshateseka vya kutosha."

Hiyo ndiyo iliyogoma. Siku nne kabla ya kukabidhi kazi, ukutani kulikuwa na kijani arobaini na nyekundu moja. Mfumo ulikuwa unamtupa mgonjwa wa maabara mwisho wa foleni, na kuurekebisha kulitaka wiki nzima, maana Kijani aliujenga vibaya tangu chini. Bosi akapita na kikombe chake, akatazama juu. "Nyekundu? Wewe?" Wenzake wakaangua kicheko, na yeye akacheka nao. Walipokwenda kula, akaifungua ile sentensi, akaifuta yote, akaandika nyingine: "Mgonjwa akitoka maabara, aende mwisho wa foleni." Akajiambia atautengeneza mfumo baadaye, kimyakimya, kisha arudishe maneno ya mwanzo. Jamani, haikuchukua hata dakika mbili. Ukuta wote ukawa kijani.

Shangazi alipoletewa karatasi hakuzisoma. "Ameandika baba yangu, nisome nini tena?" Alimwita Kijani hivyo tangu siku aliyozaliwa, kwa kuwa alipewa jina la babu yake, baba wa shangazi. Akatia saini.

Mfumo ukawashwa Jumatatu. Mzee mmoja wa kisukari alikuja bila kula, kwa ajili ya kipimo cha damu. Alitoka maabara saa tatu asubuhi, na saa saba mchana alikuwa bado kwenye benchi, wenzake wote wameshaitwa. Akateleza taratibu mpaka sakafuni. Wauguzi walimuwahi, akazinduka, lakini wanawe walifoka mpaka watu wa barabarani wakaja kuchungulia. Waliokuwa wakifokewa si kina Kijani. Alifokewa shangazi, pale dirishani.

Kesho yake wakaitwa kikaoni, watu wanne tu: mganga mkuu, bosi, shangazi na Kijani. Bosi akaigeuza kompyuta yake. "Mama, sisi tumejenga ulichosema. Sentensi yako hii hapa, na saini yako hii."

Shangazi akavaa miwani. Akasoma, midomo ikimchezacheza. Akarudia. "Hii nimesema mimi?" Akamgeukia Kijani. "Baba, nilisema hivi?"

Kijani angeweza kusema "hapana", neno moja tu, mambo yakaisha. Bosi alikuwa akimkazia macho. "Tuliongea mengi siku zile, shangazi," akasema.

Tuliongea mengi! Mtu mzima na akili zake, hilo ndilo aliloona la kusema. Alitamani ardhi ipasuke immeze, ila ardhi haikumfanyia hisani hiyo.

"Basi nilisema," shangazi akajibu polepole. Mganga mkuu akamwambia kwa upole apumzike na kazi ya dirishani, ahamie chumba cha mafaili kwanza, mengine yataangaliwa mwisho wa mwezi. Shangazi hakubisha, yeye ambaye kwa kubisha hakuwa na mpinzani kwenye ukoo mzima.

Kijani alijua kwa nini hakubisha. Mama yake shangazi, bibi yake Kijani, alianza hivyohivyo. Alisahau alichosema jana, kisha akasahau njia ya chooni, mwisho akawa anamuuliza binti yake, "Wewe dada, hii nyumba ya nani?" Aliyemuuguza miaka mitano ni huyuhuyu shangazi.

Jumamosi alikwenda kumwona, amejikaza aseme. Kwenye jiko kulikuwa kumebandikwa kikaratasi: ZIMA. Mlangoni kingine: FUNGUO, MFUKO WA KUSHOTO. Shangazi akampakulia chakula, akakaa mbele yake, akashika vidole vyake kama mtoto wa darasa la kwanza. "Nisikilize, baba. Nawataja nyinyi wote, watoto wa kaka zangu, kuanzia mkubwa. Nikikosea unisahihishe." Akawataja wote kumi na mmoja, hakuruka hata mmoja.

"Sawasawa," Kijani akasema.

"Leo sawa," shangazi akasema. "Njoo na kesho, baba, unisikilize tena."

Akamaliza chakula. Alijiona mtu wa hovyo kabisa, na bado akanawa mikono, akaaga, akaondoka. Ndivyo alivyokuwa mwoga, tuseme ukweli.

Jumatatu iliyofuata hakuingia ofisini moja kwa moja. Kompyuta huwa inaweka kumbukumbu ya kila badiliko, nani kafanya, siku gani, saa ngapi. Alichapisha ukurasa huo kwenye duka la jirani, akaenda nao mpaka chumba cha mafaili. Akamkuta mganga mkuu ameinama mezani, anaandika barua ya rufaa kwenda kwa daktari wa ubongo. Shangazi, aliyesimama kando yake, alikuwa ameiomba mwenyewe.

"Usiandike, daktari," Kijani akasema. "Shangazi, hukusema vile. Ulisema mgonjwa apewe nafasi yake. Niliyebadilisha ni mimi." Akampa karatasi.

Shangazi akaisoma. Aliona maneno yake juu, na yale mengine chini, na jina la babu, alilopewa Kijani, pembeni pamoja na tarehe. Mara akapiga makofi, pa! "Kumbe mimi mzima! Daktari, umesikia? Kichwa changu kizima!" Akacheka mpaka akashika rafu ya mafaili asianguke, machozi yakimtoka, na mganga mkuu akacheka naye bila kujua anacheka nini. Ile furaha ilimchoma Kijani kuliko matusi ya dunia nzima. "Nisamehe, shangazi," akasema.

Kicheko kikapungua, kikaisha. "Ngoja. Jumamosi nilipokuwa nawataja, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ulikula chakula changu."

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena, akamgeukia mganga mkuu. "Naomba nirudi dirishani kwangu leo hii. Na huyu fundi wa kompyuta umwelekeze mlango wa kutokea, kazi yake akaimalizie ofisini kwao."