Mpira wa Kasikisi Chini ya Gari la Kanisa

Gari lenyewe lilikuwa nyumba. Lilikuwa na kitanda, kabati, dirisha lenye pazia na sinki dogo la bati. Waswisi wawili waliokuwa wakizunguka nalo Afrika waliliacha Butembo mwaka wa 1998, siku walipopanda ndege mbio mbio na vita vikiwa mlangoni. Kanisa la Kiprotestanti lililirithi, likamkabidhi muuguzi Rébecca, naye akakigeuza kitanda kuwa cha kuzalishia. Kwa miaka mitatu alikwenda nalo Beni kila baada ya wiki mbili, na watu wa mtaa wa Kimemi wakalibatiza Nyumba-Inatembea.

Sasa nyumba ilikuwa inavuja. Mpira uliotoa maji machafu kwenye sinki kuyapeleka kwenye tangi chini ya sakafu ulikuwa umepasuka, na safari iliyopita maji ya kunawia yalidondoka sokoni Beu, mtaa wa Beni, hatua mbili tu kutoka kwenye unga wa muhogo wa mama mmoja. Kipindupindu kilikuwa mjini. Ofisi ya afya ya Beni haikuzungusha maneno: gari lirudi halivuji, au lisirudi kabisa.

Ndiyo maana Jumanne asubuhi Kahongya, fundi wa mabomba, alikuwa amelala chali chini ya gari hilo, lakini moyo wake ulikuwa Beni. Binti yake Providence alikuwa huko na mimba ya kwanza iliyotimiza miezi, mume wake amekwama upande wa Bunia, hospitali imejaa majeruhi. Mara ya mwisho Rébecca alimpima akakuta mtoto ametanguliza matako. Akamwonya asizae bila yeye kuwepo, kana kwamba mtoto huwa anaomba ruhusa. Siku ya kurudi ilikuwa Alhamisi.

"Papa Kahongya, itawezekana?" Rébecca aliinama kumuuliza.

"Itawezekana, Mama."

Alijibu kabla hajaangalia vizuri. Hiyo ilikuwa tabia yake ya siku zote, na watu wenye mabomba Butembo nzima walikuwa wamekwisha kuisamehe.

Alijaribu kuufunga mpira wa zamani kwa vipande vya shambreri, mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, lakini ulikuwa umekauka, ukamkatikia mikononi kama biskuti. Akazunguka maduka. Barabara ya Kasindi, inayoleta bidhaa kutoka Uganda, ilikuwa imefungwa wiki ya tatu, na wenye maduka walikuwa na misumari, chumvi na neno la pole. Mpira wa unene ule haukuwepo mjini, isipokuwa mmoja, na huo alikuwa akiuona ukutani kwake kila siku kwa miaka sita.

Ulikuwa wa mke wake, Marie-Jeanne. Marie-Jeanne alipika kasikisi, pombe ya ndizi, na Wakatoliki wenzake walivuka mtaa mzima kuifuata. Kwa mpira ule alivuta pombe kutoka kwenye mtumbwi wa mti kuijaza kwenye bidoni, madumu ya plastiki.

"Hapana," alisema Marie-Jeanne. "Beba sufuria, beba hata kitanda. Ile tuyau, hapana."

"Ni juu ya Providence."

Marie-Jeanne aliuendea ukuta. Kisha akautungua mpira, akampa bila kumtazama usoni.

"Mais utamwambia Mama Rébecca fasi imetoka?"

"Nitamwambia fasi imetoka, ni kwako."

Hakumwambia. Aliogopa, na alikuwa na sababu: kwenye kanisa la Rébecca pombe ilikuwa mwiko. Rébecca aliwahi kurudisha bidoni mpya ya maji kwa sababu tu aliyemletea aliiweka usiku mmoja karibu na kasikisi. Mtu wa namna hiyo humwambii kwamba utamwekea garini mpira ulioilamba pombe miaka sita. Kwa hiyo Kahongya aliusugua kwa majivu, akaupitishia sabuni, akaupitishia ndimu, akauanika juani Jumatano kutwa. Jioni akaunusa mwisho huu na mwisho ule. Haukunuka kitu. Masikini, alisahau kwamba mtu aliyelala miaka ishirini na tatu kando ya mitumbwi ya kasikisi, pua yake haiwezi kutoa ushahidi.

Alhamisi alfajiri alichovya ncha za mpira kwenye maji ya moto zilegee, akazisukuma mpaka mwisho, akakaza vibano, akazungushia shambreri juu yake. Akamwaga ndoo tatu kwenye sinki. Halikudondoka hata tone.

"Wasingya," Rébecca alimshukuru kwa Kinande. "Umeipata wapi?"

"Kwa mutu moja wa huku."

Kahongya akaomba kwenda naye Beni, eti kuuchunga mpira wake njiani. Rébecca alijua anachokwenda kuchunga, akampisha kwenye kiti. Kabla ya kuondoka alichemsha vyombo vyake vya kuzalishia, akayamwaga maji ya moto kwenye sinki. Joto likapita ndani ya mpira, likaamsha kila ndizi iliyowahi kupita humo.

Kwenye kizuizi, baada ya mteremko wa Kabasha, askari alizunguka gari, akasimama, akainua pua.

"Masanga!" aliita wenzake kwa Kilingala, akicheka. "Gari ya Mungu iko na pombe!"

Mkubwa wao alikuja.

"Pombe iko wapi?"

"Chef, hii ni gari ya kanisa," Rébecca alisema, kichwa juu. "Mu hii gari hakuna pombe hata tone moja. Haiyaingiaka hata siku moja."

Aliyasema kwa fahari kabisa, na Kahongya alitamani ardhi immeze. Mkubwa wa askari hakubishana. Alifungua koki ya tangi, akakinga kopo, akanusa, akamsogezea Rébecca puani. Rébecca akakunja uso.

"Gari inabakia huku," mkubwa alisema.

Kahongya akashuka.

"Chef, ile ni maji ya kunawa. Ni tuyau njo inanuka. Ilikuwa ya kasikisi ya bibi yangu. Ni miye niliifunga, Mama hapana jua kitu."

"Ni maji?"

"Ni maji."

"Basi kunywa. Kama hapana kunywa, ni pombe."

"Chef, mu ile maji muko dawa ya kuosha byombo!" Rébecca alipaza sauti. "Papa Kahongya, hapana kunywa!"

"Mela, mobange," askari yule wa kwanza alisema. Kunywa, mzee.

Kahongya alimfikiria Providence, akanywa. Yalikuwa na ladha ya sabuni, chuma na kitu kikali kilichochoma koo, na chini kabisa, kwa mbali, kasikisi ya nyumbani. Aliligeuza kopo juu chini waone limekwisha. Askari wakacheka mpaka wakashika matumbo, wakainua mti wa kizuizi.

Baada ya kona ya kwanza gari lilisimama, Kahongya akatapika majanini. Rébecca alimshikia chupa ya maji safi mpaka akamaliza.

"Ulinidanganya," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Kama ningejua, ningekatala."

"Njo maana sikusema."

Rébecca akafunga chupa, akarudi garini, wakaenda mpaka Beni.

Walimkuta Providence ameshika ukuta. Uchungu ulikuwa umemwanza tangu jogoo la kwanza. Wakampandisha garini, pazia likafungwa. Mwanamume hana kazi humo, basi Kahongya akaingia mahali pake, chini ya gari, akalala chali na kiganja chake kwenye kiungo cha mpira.

Maji yalipita yakiwa ya uvuguvugu. Rébecca ananawa. Kisha hakikupita kitu kwa muda mrefu. Juu alimsikia binti yake akilia, na sauti ya Rébecca ikirudia, ngoja, ngoja, sasa. Kisha kimya. Maji yakaja tena, mengi, na kupitia mpira ule mweupe unaoonyesha ndani akaona ni mekundu. Akaona maisha yake yote yamesimama hapo, kwenye kipande cha mpira kisichozidi kidole. Ndipo mtoto akalia, kwa hasira, kama aliyekatizwa usingizi.

Kahongya naye akalia. Kisha akauliza swali ambalo kila babu Mnande huuliza, kwa maana mtoto wa kwanza jina lake huwa linamngoja, Paluku akiwa wa kiume, Masika akiwa wa kike:

"Paluku ao Masika?"

"Masika!" Rébecca alijibu kutoka juu. Sakafu ikalia chini ya miguu yake, akasogea kwenye sinki. "Papa Kahongya, tuyau inavuja?"

Akapapasa kiungo chote kwa vidole. Kilikuwa kikavu.

"Hapana, Mama. Hata tone moja."

Rébecca aliinua beseni juu ya sinki.

"Basi, iache palepale," alisema, akamwaga maji yaliyobaki.