Misumari ya Mgongoni

Mwalimu Cuthbert alikuwa akifundisha darasa la sita ufundi kwa nyundo moja na msumeno usio na meno. Mwaka ule walikuwa wakitengeneza mfereji wa bati, wa kukinga mvua kutoka paa la shule mpaka kwenye tangi. Kule juu uwandani, ng'ambo ya Mkunya, hakuna kisima. Wanawake walishuka bondeni alfajiri, wakapanda na mitungi kichwani. Mimba mbili za mke wa Cuthbert, Mama Nathanaeli, ziliharibikia kwenye mteremko ule, na sasa alikuwa na ya tatu. Mabati yalikuwapo, mbao zilikuwapo. Misumari ndiyo haikuwapo, na wakubwa ofisini walijibu kwamba haitakuja.

Asubuhi moja mwalimu mkuu, Cyril, alimlaza Alfani wa darasa lile kwa kuchelewa, akamtandika. Kila fimbo iliposhuka ngozi ilipasuka, ukadondoka msumari mpya wa inchi tatu. Alfani aliinuka, akasema asante mwalimu kama ilivyo desturi, akaokota misumari yake akaitia koponi kwa Cuthbert. Cyril aliutazama mmoja, akasema ni mizuri, haina kutu.

Basi, kazi ikashika kasi. Watoto walichapwa kwa kuchelewa na kwa kuwahi, kwa kusema Chimakonde na kwa kunyamaza. Aliyetandikwa hasa alitoa hata parafujo. Cuthbert hakumgusa mtu. Yeye alipokea kopo tu, akajiona mwema. Haya, mikono safi hiyo!

Ikabaki bolti moja ya kuushikilia mfereji tangini. Wingu lilikuwa limeshatanda upande wa Mnyambe, Cyril kaenda Masasi, na watoto wengi walikuwa kwao wamelalia matumbo. Darasani mwenye mgongo mzima alikuwa Nathanaeli peke yake, maana mtoto wa mwalimu nani atamchapa?

"Lala," Cuthbert alisema.

Hakuwa na mazoea. Alipiga shingoni, mbavuni, popote, mpaka bolti ikatoka na nati yake.

"Asante, mwalimu," Nathanaeli alisema. Tangu siku hiyo hakumwita baba tena.

Mvua ilinyesha, tangi likajaa, halikuvuja hata tone. Mama Nathanaeli aliteka beseni moja, akamwosha mwanawe mgongo, akamwaga maji mekundu mlangoni. Kisha akajitwika mtungi.

"Maji si yapo, Mama Nathanaeli?" Cuthbert aliuliza.

"Hayo ya shule," alijibu, akashuka bondeni na tumbo lake. Mimba ya tatu ikamtoka palepale zilipoharibikia zile mbili.

Baadaye alikuja mkaguzi, akaligonga tangi, akalisifu, akaandika kwamba shule ile imejitosheleza kwa vifaa. Mwezi uliofuata lori lilishusha mzigo uliofungwa kamba, fimbo mpya tupu. Cuthbert alizipokea, akazipanga kwenye rafu ya vifaa, karibu na nyundo.