Kura Moja ya Hapana

Mkono wa kupinga ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa wa mumewe.

Mama Mchungaji aliutazama ulivyonyooka katikati ya ukumbi wa kanisa, akatamani aushushe kwa kuufinya. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili wahame nyumba ya kanisa ili mchungaji mpya aingie, na hawakuwa na pa kwenda. Bahati ilikuwa imebisha hodi: muumini mmoja wa zamani aliacha maduka yake yawe wakfu, na kodi ya maduka hayo ndiyo inayowapangia nyumba wachungaji wastaafu wa Kibaptisti na wenzi wao, hata mmoja akitangulia mbele za haki. Wakfu ulitaka kitu kimoja tu, azimio la washirika.

Lakini kanisani kwao, mkono mmoja ukipinga, mjadala unaanza upya. Mchungaji mwenyewe ndiye aliyewazoesha hivyo kwa miaka thelathini na minne. Rangi ya mabenchi peke yake iliwahi kula Jumapili tatu.

Shemasi aliyeongoza kikao akamuuliza kwa upole kulikoni. Mzee akasema wapo wenye dhiki kumzidi. Yeye bado ana nguvu. Fundi cherehani aliyekaa nyuma akanong'ona, kwa mnong'ono wa kusikika hadi mlangoni, kwamba nguvu hizo jana zilishindwa na kifuniko cha chupa. Watu wakaangua kicheko. Mkono haukushuka.

Ndipo mkewe aliposimama.

"Mchungaji, barua ya wakfu inasema wewe na mwenzi wako. Hicho unachokikataa, nusu ni changu, na mimi sijakikataa. Hicho kisima cha ubatizo nimekisugua mimi miaka yote. Na wajane uliwaambia hapa hapa kwamba kupokea si aibu. Au kinyozi hajinyoi?"

"Mama, mbele za watu?"

"Kwani wewe umenipingia chumbani?"

Mzee akajikaza asicheke, akashindwa. Kura iliporudiwa, alikubali pamoja na wote, macho yamemlowa.

Njiani kurudi akaanza kuuliza kama nyumba hiyo itakuwa na chumba cha vitabu vyake. Mkewe akamjibu kwamba hilo litapigiwa kura, na kwa kuwa wapiga kura ni wawili tu, ajiandae kwa kikao kirefu.